Mjane wa Duara la Mawe

Pascasie Ndayikeza hakuwa mtu wa kusimama mbele ya watu akasema. Hata kanisani, zamu yake ya kutoa ushuhuda ilipofika, alikohoa kidogo, akasema Mungu ni mwema, akaketi. Kwa hiyo majirani wa Troyeville, mtaa wa Johannesburg, waliozoea kumwona ameinamia cherehani yake barazani akipunguza sare za watoto wa shule, hawakuamini waliposikia kwamba ni yeye aliyesimama katikati ya mkutano wa wasomi, mwezi wa tatu mwaka 2019, na kuwaambia watu wazima na elimu zao kuwa ule mlango wa jua haukuwa mlango wa jua.

Alizaliwa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, kwa watu wa mawese na ndagala, dagaa wa ziwani. Mumewe, Méthode, alitoka juu kabisa, Mugamba, kwenye baridi na ukungu, kwa watu wanaomwita kila ng'ombe kwa jina lake. Nchi ingetulia, wasingekutana. Vita ndivyo vilivyowaleta pamoja, kambini Kigoma, kwenye foleni ya maji. Kirundi chake yeye kilimchekesha Méthode, na cha Méthode kilimchekesha yeye, basi wakachumbiana kwa Kiswahili cha kambini, wakagombana kwa Kiswahili, na Kiswahili kikabaki lugha ya nyumba yao hata walipofika Johannesburg na binti yao Olive mgongoni.

Kwa miaka mingi Méthode alilinda ghala moja upande wa viwandani. Kisha ikaja Aprili ya 2015, wageni wakaanza kupigwa na maduka yao kuvunjwa, na mwenye ghala akawaambia walinzi wake wasio wa hapa wakae nyumbani mpaka mambo yapoe. Mambo yalipoa, ila hakuna aliyempigia simu kumwita arudi. Mtu aliyezoea kuamka saa kumi alfajiri alibaki anazunguka chumbani kama kuku aliyefungwa mguu. Pascasie akamwambia, "Baba Olive, nenda ukatembee. Ukikaa hapa utanitoboa macho."

Akaenda. Alipita Kensington, akapanda kile kilima cha mawe kinachotazama Bezuidenhout Valley, mahali pa pimbi na mishubiri, ambapo watu hawaendi ila wale wanaokwenda kusali. Jioni alirudi na vumbi hadi kwenye nyusi, uso umemnawiri.

"Mama Olive, nimeona zizi."

"Zizi? La nani, hapa mjini?"

"La watu wa zamani sana. Ng'ombe hawapo, wenyewe hawapo. Lakini zizi ni zizi, siwezi kulikosea."

Jumapili ile akampeleka. Pascasie, mtu wa ziwani, aliona mawe tu yaliyolala kwenye majani makavu. Méthode akamshika mkono, akamzungusha. Hapo ndipo akaona kwamba mawe yale yamejipanga duara, upana wake kama hatua ishirini, ukuta umeanguka ukabaki kimo cha goti. Ndani ya duara kubwa, ubavuni, palikuwa na duara dogo, kama mtoto aliyejibanza kwa mama yake.

"Hili dogo ni la ndama," Méthode alisema. "Usiku ndama hutengwa, la sivyo wananyonya maziwa yote. Na angalia mlango. Unatazama chini, bondeni. Ng'ombe akitoka asubuhi hapandi mlima, anateremka mwenyewe kwenye maji. Aliyejenga hapa alikuwa mtu wa akili."

"Kwani ni nani waliojenga?"

"Wenyeji. Watu wa hapa, kabla ya dhahabu na kabla ya mji. Sijui majina yao. Ila ningekutana nao tungeelewana."

Majira yote ya baridi ya mwaka ule Méthode alikuwa kilimani. Aliokota mawe yaliyoanguka, akayarudisha ukutani moja moja, akisali huku anafanya kazi. Siku nyingine Pascasie alimfuata na uji kwenye chupa, akakaa akimpitishia vijiwe vidogo vya kuzibia nyufa. Ukuta ulipanda hadi kifuani. Walikuwa wakiongea mambo ambayo hawakuwa wameyaongea tangu Kigoma.

Mwezi wa sita vijana waliokuwa wakinywa chini bondeni walimwona kupitia ule mlango. Mtu amepiga magoti, anaomba kwa sauti, kwa lugha isiyo yao. Wakamtukana makwerekwere, tusi la huko kwa wageni, wakamrushia chupa. Moja ilimpasua juu ya sikio. Pascasie alimwosha damu kwa maji ya chumvi, akamkataza kurudi tena. Alirudi. Lakini aliuziba ule mlango wa bondeni, akapanga mawe mpaka usingejua kama palikuwa na mlango, na nyufani akasokota vipande vya turubai la bluu, Pascasie akimshikia, ili upepo usipite. Halafu upande wa mashariki, kati ya mawe mawili marefu yaliyokuwa yamesimama, akafungua upenyo wa mtu mmoja, ambao aliye bondeni hawezi kuuona. Huo ndio ukawa mlango wake.

Mwezi wa kumi alipata kazi nyingine ya ulinzi, na kilimani akawa anakwenda Jumapili tu. Agosti iliyofuata, 2016, moyo wake ulisimama akiwa ameketi kwenye kibanda cha getini, kofia kichwani. Waliokuja kumpokea zamu walidhani amesinzia.

Walimzika makaburi ya mbali, kusini mwa jiji, safari ya teksi mbili na kutembea. Pascasie alikwenda mara tatu. Makaburi yalikuwa yameongezeka haraka kiasi kwamba mara ya tatu alizunguka muda mrefu akitafuta namba. Mwisho wa mwaka ule Olive alimaliza shule, akapata kazi ya hoteli Cape Town. Pascasie alimwandikia ujumbe kwa Kiswahili, na Olive alijibu kwa Kiingereza, maneno mawili matatu na picha ya moyo. Si kwamba mtoto hakumpenda. Kiswahili alikielewa, ila mdomo wake ulikuwa umeshahama.

Ndipo Pascasie akaanza kupanda kilimani peke yake. Kila Jumapili baada ya ibada alibeba mkate na chai, akapenya kati ya mawe mawili marefu, akaketi ndani ya duara akiegemea ukuta. Hakuwa akisali sana. Alikuwa akiyatazama mawe. Lile bapa alilifahamu, Méthode alilibeba begani akapumzika mara mbili. Lile jekundu liliwahi kumponda kidole. Kaburini kulikuwa na namba. Huku kulikuwa na kazi ya mikono yake.

Jumapili moja ya Septemba 2017 alimkuta mtu. Mzungu mzee, kofia pana, magoti mekundu, amepiga goti na dira mkononi, utepe wa kupimia umelazwa kutoka ukuta hadi ukuta.

"Usiogope," mzee alisema. "Napima tu."

Aliitwa Rautenbach. Alikuwa mpimaji ardhi mstaafu, anakaa Kensington, mkewe alikufa miaka mitano nyuma, na watoto wake wote walikuwa Australia. Hayo yote Pascasie aliyajua kabla chai haijapoa, kwa sababu mzee yule aliongea kama bomba lililokuwa limefungwa siku nyingi. Kisha akamwonyesha ule upenyo kati ya mawe mawili.

"Nimepima mara sita. Mlango huu unaelekea sawasawa mahali jua linapochomoza siku ndefu kuliko zote ya mwaka, Desemba. Sawasawa! Unajua maana yake? Hili halikuwa zizi. Ilikuwa kalenda. Watu walisimama hapa ulipo wewe, maelfu ya miaka nyuma, wakasubiri jua."

Pascasie alifungua kinywa. Jina la Méthode lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini alimtazama yule mzee, kikombe cha pili cha chai amekishika kwa uangalifu kama kitu alichokabidhiwa.

"Kweli?" akauliza.

Ni neno hilo tu. Neno moja likafungua miezi kumi na minane.

Rautenbach alikuja kila Jumapili, saa nane, na viti viwili vya kukunja. Alimletea biskuti ngumu za kuchovya. Alimweleza nyota, na jinsi jua linavyotembea kwenye upeo wa macho, kwenda na kurudi, kama mtu anayefagia uwanja. Mengine hakuyaelewa. Lakini alimwuliza kuhusu cherehani, alijua wiki ambayo umeme ulikatwa siku nne, alijua kwamba Olive hakupiga simu siku ya kuzaliwa ya mama yake. Katika jiji lile zima, ni yeye pekee aliyeuliza, "Wiki yako imekwendaje?" kisha akanyamaza asubiri jibu. Kila Jumapili Pascasie alishuka akijiambia, wiki ijayo nitamwambia. Na wiki ijayo ilipofika alimimina chai.

Tarehe 22 Desemba 2018, alfajiri, watu kama arobaini walipanda kilimani. Mzee alikuwa ameandika kwenye gazeti la mtaa, na habari ikasambaa. Walikuja na kamera, wengine na ngoma, wengine wamevaa nguo nyeupe tupu. Pascasie alisimama nyuma, shali kichwani. Mbingu ilianza kuwa ya rangi ya kifuu, halafu ya chungwa, kisha ukingo wa jua ukachomoza katikati ya yale mawe mawili, katikati hasa, ukawapiga wote usoni. Watu walipiga vigelegele. Mwanamke mmoja alilia. Rautenbach aligeuka akamtafuta Pascasie kwenye umati.

"Unaona?" alimwita. "Unaona, Pascasie?"

"Naona," alisema. Na kweli aliliona jua limesimama mlangoni kwa Méthode kama mgeni anayebisha hodi. Kwa mara ya kwanza aliogopa kile alichokuwa amekinyamazia.

Baada ya siku ile mambo yalikwenda mbio. Watu wa nyota, wale waliokuja na kamera na ngoma, walitaka mahali pale pazungushiwe uzio na patangazwe. Wakuu wa mambo ya kale wakasema kwanza pachunguzwe, wakamtuma mtaalamu wa chuo kikuu, Daktari Keneilwe Molefe. Alikuwa Mtswana, hajafika miaka arobaini, suruali imejaa vumbi, na alifanya kazi bila kelele. Jumapili moja ya Februari Pascasie alikuta kamba na vigingi vimepigwa ndani ya duara, na mzee hakuwapo.

"Dumela, Mama," Keneilwe alimsalimu. "Wanasema wewe ndiye mwenyeji wa hapa. Njoo uone."

Alikuwa amechimba shimo dogo, lenye pembe nne safi. Chini ya udongo mwekundu palikuwa na tabaka la kijivu, laini kama jivu.

"Samadi," alisema. "Samadi ya ng'ombe, ya miaka mingi, imekandamana. Na pale penye duara dogo ni hivyo hivyo. Nadhani waliishi hapa miaka mia tatu au mia nne iliyopita, mababu wa watu kama mimi. Mchana mifugo inalisha bondeni, usiku inalala hapa, na wanaume wanakaa pembeni kuamua mashauri. Hilo nina hakika nalo. Kinachonishinda ni mlango."

Pascasie aliinama, akajifanya anaitazama samadi.

"Kwetu mlango wa zizi hutazama chini. Ng'ombe akitoka asubuhi hapandi mlima, anateremka mwenyewe kwenye maji. Huu unatazama mashariki, na ni mwembamba mno, hata ng'ombe hapiti. Halafu mawe ya upande wa bondeni ukoga wake, ule wa upande unaopigwa na mvua, umeangalia ndani, kana kwamba mtu aliyageuza. Mama, wewe unakuja hapa siku nyingi. Hukuwahi kuona mlango mwingine?"

Maneno ya Méthode, neno kwa neno, kutoka kinywani mwa mgeni. Pascasie aliokota mfuko wake wa mkate.

"Hapana," alisema. "Sijui."

Usiku ule alimpigia Olive, akamweleza kila kitu, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu mtoto alimsikiliza hadi mwisho.

"Mama, nyamaza," Olive alisema, kwa Kiingereza. "Baba aliharibu kitu cha kale cha watu. Ni kosa la jinai. Na watasema nini? Watasema wageni wamekuja kuvunja hata makaburi ya mababu zetu. Karatasi zako za kukaa hapa utazihuisha Pretoria mwezi wa saba. Nyamaza tu."

Pascasie aliona mtoto amesema kweli. Alikata shauri kunyamaza, na alikwenda kwenye ule mkutano wa mwezi wa tatu kwa sababu Rautenbach alimwomba akae naye. Ulifanyika jioni katika ukumbi wa kanisa moja la Kensington. Watu walijaa hadi ukutani, na kwa hesabu ya Pascasie weusi walikuwa sita, pamoja na fundi wa vipaza sauti. Keneilwe alionyesha picha za samadi, za vigae vya vyungu, za maduara mengine kama lile kusini mwa jiji. Alieleza taratibu, kama mtu anayempakulia mgeni. Kisha akasema kuhusu mlango, kwamba bado hajui, na ukumbi ukachemka.

"Unasema hujui kwa sababu jibu hulipendi," mtu mmoja alisema.

Mwingine, mwanamume mwenye ndevu fupi aliyekuja na ngoma Desemba, alisimama. "Tuseme ukweli. Watu wa mazizi na samadi hawapimi jua kwa usahihi namna hii. Hapa palikuwa na ustaarabu mwingine. Watu waliotoka mbali. Wenyeji walikuta mawe yamesimama, wakafungia ng'ombe ndani yake, basi."

Wengine walipiga makofi. Keneilwe alisimama pale mbele, kalamu mkononi, peke yake. Hakukasirika, au kama alikasirika alizoea kuficha. Pascasie alimtazama Rautenbach akingoja aseme neno, maana hakuwa mtu wa dharau, na alikuwa amemwambia mara nyingi kwamba walioijenga kalenda ile walikuwa Waafrika. Mzee alitazama viatu vyake. Makofi yalikuwa kwa ajili ya mlango wake.

Hata leo Pascasie hajui ni nini kilichomwinua. Anasema alisikia kiti kinaburuzika sakafuni, akageuka kuona ni nani, akakuta ni yeye.

"Huyu baba amesema kweli kidogo," alianza, kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, na sauti yake ilikuwa ndogo hata fundi akamletea kipaza sauti. "Mlango ule ulijengwa na mtu aliyetoka mbali. Alitoka Burundi. Alikuwa mume wangu."

Watu waligeuza viti kumtazama.

Aliwaeleza. Kuhusu Aprili ya 2015, na ghala, na chupa iliyompasua Méthode juu ya sikio. "Alifunga mlango wa chini ili watu wasimwone. Alifungua huu wa mashariki ili aweze kuingia kwa kujificha. Jua hakuliwaza. Aliogopa kupigwa. Lakini zizi si lake, alilikuta. Siku ya kwanza aliniambia, hili ni zizi, hili la ndama, aliyejenga alikuwa mtu wa akili, na ni wenyeji waliojenga. Mume wangu hakusoma. Lakini ng'ombe aliwajua." Akakisogeza kipaza sauti. "Msiponiamini, toeni mawe ya upande wa bondeni. Ndani mtakuta turubai la bluu. Mimi nilimshikia."

Yule mwenye ndevu alicheka, akasema kila mtu anaweza kutunga hadithi. Hakuna aliyemfuata kucheka. Pascasie alipoketi, kiti cha kando yake kilikuwa tupu. Mzee Rautenbach alikuwa ameshatoka.

Siku ya tatu Keneilwe alimpigia simu aje. Walikwenda pamoja upande wa bondeni, na Keneilwe akamwambia kuwa kwa sheria mawe yale anapaswa kuyaondoa yeye na watu wake, ila la kwanza anaweza kulishika mwenye nalo. Pascasie aliweka viganja juu ya jiwe bapa, akalisukuma, likatoka na vumbi. Nyuma yake palikuwa na turubai, bluu yake imepauka, limesokotwa vile vile.

"Watanishtaki?" aliuliza.

"Nitaandika yaliyotokea," Keneilwe alisema. "Kwamba ukuta ulijengwa upya mwaka 2015 na mtu aliyeelewa unavyopaswa kuwa. Niliona jinsi alivyoulaza. Alifuata mkono wa wale wa kwanza. Ningependa kuandika jina lake, ukikubali."

Pascasie alilitaja herufi kwa herufi, na ile alama juu ya e.

Ilichukua siku nne kufungua mlango wa zamani. Chini yake walikuta sakafu ya mawe madogo yaliyolainishwa na kwato, yakiteremka kuelekea bondeni. Jioni ya mwisho, wakiwa wameketi juu ya ukuta, Keneilwe alimweleza kwamba kwao baba mwenye boma alizikwa zizini kwake, ng'ombe wakapita juu yake asubuhi na jioni. Hapo hawakupata kaburi, na hata wangelipata wasingeligusa. Pascasie aliyatazama yale mawe yaliyolainika. Alikuwa akiwaza teksi mbili na namba ya kaburi.

Jumapili zilizofuata alipanda, akamimina vikombe viwili kwa mazoea, cha pili akakimwaga majanini. Rautenbach hakuja Aprili, hakuja Mei. Mwezi wa sita, siku ya baridi kali, alitokea barazani Troyeville, suruali mbili mkononi. Alikuwa amekonda.

"Zinahitaji kupunguzwa," alisema.

Pascasie alimpima, pini mdomoni. Alipokuwa amepiga goti kwenye pindo, mzee akasema juu ya kichwa chake, "Mwaka mmoja na nusu. Ulikaa ukinisikiliza mwaka mmoja na nusu, na ulijua."

Alitoa pini mdomoni. "Ndiyo."

"Ulikuwa unanicheka?"

"Hapana, Bwana. Nilipenda kukusikiliza."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia siku ile ya kwanza," Pascasie aliuliza, "ungerudi Jumapili iliyofuata?"

Mzee alifikiri. Alikuwa mtu wa vipimo, hakupenda kusema lisilo sahihi.

"Hapana," alisema. "Nisingerudi."

Basi. Alimalizia pini. Mzee akamwuliza Méthode alikuwa mtu wa namna gani, mrefu au mfupi, na aliwezaje kuyasogeza yale mawe peke yake. Pascasie alimweleza, na ilikuwa mara ya kwanza kumweleza mtu yeyote jinsi Méthode alivyokuwa. Walikaa hadi watoto wa shule wakapita. Alipoaga alimwambia kwamba nyumba ya Kensington ameiuza, mwezi ujao anakwenda kwa binti yake Perth, Australia, ndiyo maana ya suruali. Ijumaa alikuja kuzichukua, gari likiunguruma barabarani, akamshika mkono kwa mikono miwili, akaondoka.

Pretoria karatasi zake walizigonga muhuri bila swali. Septemba fujo zilirudi mjini, maduka yakafungwa, na Pascasie hakupanda kilimani wiki tatu. Olive alipiga simu kila jioni ya wiki zile, akimwuliza kama mlango ameufunga, na siku moja aliuliza kwa Kiswahili. Kilikuwa Kiswahili cha kujikwaa, ngeli zimepotea njia, na mama yake hakumsahihisha.

Siku hizi anapanda tena. Upepo unaingia kupitia mlango wa bondeni, na kwenye baridi inabidi avae makoti mawili. Watu wa nyota waliacha kuja. Wanakuja wanafunzi mara moja moja, wanasoma kibao cha maelezo kilichowekwa pale, wanapiga picha, wanateremka. Akiulizwa yeye ni nani, husema anakaa karibu. Kisha hukung'uta makombo ya mkate kwenye sketi, na pimbi wakishaona ametulia hutoka mafichoni kuyaokota.